Kijazo cha mkate kwa kuku wa Krismasi, katika jiko lisilo na oveni

MamaTendo (Ntinda, Kampala)
9 Desemba, saa 2:40 usiku

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwaka huu nimeombwa nipike siku ya Krismasi chakula ambacho hapa kwetu si cha asili, nami nimekwisha kukijaribu nyumbani mara nne, mara mbili kikakubali na mara mbili kikageuka uji. Ni ule mkate unaokatwa vipande, ukakaushwa, ukachanganywa na vitunguu, siagi, majani ya viungo na supu, kisha ukajazwa tumboni mwa kuku au bata mzinga, au ukaokwa peke yake katika sinia. Katika uzi huu nitakiita kijazo, hata pale ambapo hakijazi kitu.

Nilikipatia Waltham, katika jimbo la Massachusetts, mji ambao Waganda ni wengi. Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja ambaye kila Novemba, siku mbili kabla ya Alhamisi ile ya nne ambayo Wamarekani huadhimisha Sikukuu ya Shukrani, alinikalisha mezani nikate mikate kwa kisu chenye meno huku yeye akisimamia ukubwa wa kila kipande. Sasa mdogo wangu anarudi tarehe 20 pamoja na watoto wake watatu waliozaliwa huko, na watoto hao wamekwisha kutangaza kwa simu kwamba Krismasi isiyo na kijazo hawaitambui. Sikuwabishia. Kitakaa mezani kando ya matoke na luwombo, yaani kitoweo kilichofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, lakini hakitachukua nafasi ya chochote.

Niseme kwanza niliyojifunza kwa hasara. Mkate uliolala si mkate mkavu. Mkate ukikaa siku mbili ndani ya mfuko wake huwa mgumu, lakini karibu maji yake yote yangali ndani. Kilichobadilika ni wanga, ambao hujipanga upya na kukaza, na ndiyo maana slesi iliyolala ukiipasha moto hulainika tena. Mkate wa namna hiyo ukiumwagia supu, supu haina pa kuingia. Mkate wa nusu kilo una maji yanayozidi kidogo theluthi moja ya uzito wake. Ukiukausha mpaka vipande vilie vinapogongana, hubaki kama gramu 350, na zile gramu 150 zilizotoka ndizo nafasi utakayoijaza kwa supu yenye ladha. Bibi yule hakuwa na hesabu hizi. Alichukua kipande, akakivunja karibu na sikio, na kisipolia alikirudisha motoni.

Jambo jingine ni utamu. Mikate yetu mingi ya dukani ina sukari ambayo mtu aliyezoea ya huko huihisi mara moja, na sukari hiyo huwahi kuunguza vipande nje kabla havijakauka ndani. Kwa hiyo nimeacha haraka. Nakata vipande vya sentimita mbili, pamoja na ganda lake, navitandaza kwenye ungo juani kuanzia asubuhi, nafunika kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi, kisha jioni namalizia katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Ukimpata mwokaji wa mtaani atakayekubali kukuokea mkate usio na sukari, mwagize mapema, kwa sababu wiki ya Krismasi hatakusikiliza.

Vipimo vyangu kwa mkate mmoja wa nusu kilo, vinavyotosha watu sita hadi wanane, ni vitunguu vikubwa viwili, siagi gramu 100, mayai mawili, supu kati ya mililita 450 na 500, chumvi na pilipili manga. Seleri ya hapa, hii yenye vijiti vyembamba na majani mengi ninayoinunua soko la Nakasero, ina harufu kali kuliko ile nene ya Marekani, kwa hiyo anayefuata maelekezo ya huko apunguze kwa nusu. Vitunguu na seleri hukaangwa polepole katika siagi mpaka vilegee bila kubadilika rangi. Majani ya seji, ambayo ndiyo harufu yenyewe ya chakula hiki, nimeletewa makavu. Asiyeyapata anaweza kutumia rozmari kidogo sana. Supu humwagwa kwa awamu, theluthi kwa theluthi, na kila baada ya awamu unasubiri dakika tano, maana mkate mkavu hunywa taratibu na ukimwaga yote kwa pamoja utadhani imezidi. Ukifumbata mkononi kishikane, lakini kisidondoshe tone.

Shida yangu ni moto. Sina oveni, umeme wa mtaani kwetu siku za sikukuu hauaminiki, na ninao majiko mawili ya mkaa na sufuria nzuri. Je, nijaze kuku, au nitafute njia nyingine? Naomba maoni ya waliojaribu, si ya waliosimuliwa.

Afande_Mstaafu (Jinja)
9 Desemba, saa 4:15 usiku

MamaTendo, shukrani kwa maelezo yaliyopangika. Nimepika kambini miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu langu ni fupi: usijaze kuku. Maelezo yake ndiyo marefu.

Kijazo kikiwa tumboni hunywa damu na maji ya kuku mbichi. Ili kiwe salama, katikati yake lazima pafike nyuzi 74 za Selsiasi, na hapo ndipo pa mwisho kupata moto. Basi ama utoe kuku mapema na kijazo kikiwa bado na hatari, ama usubiri kijazo na kifua cha kuku kiwe kikavu kama ubao. Wenye oveni na kipimajoto hulimudu jambo hili, nao hushindilia kwa wepesi ili moto upenye. Mwenye jiko la mkaa anabahatisha.

Tena kuna kuku wetu wenyewe. Kuku wa kienyeji aliyekimbia kijijini mwaka mzima huwezi kumchoma mzima moja kwa moja ukamtafuna. Lazima umchemshe kwanza, pengine saa mbili, na kuku wa kuchemshwa hana haja ya kujazwa chochote. Lakini usihuzunike, kwa sababu kuchemsha huko ndiko kutakakokupa kitu ambacho yule bibi wa Waltham hakuwa nacho: supu ya jogoo wa kienyeji, ya manjano, yenye mafuta yanayoelea. Ipunguze motoni mpaka ibaki kali, ndiyo uinyweshe mkate wako. Kuku wa kizungu wa wiki sita hatoi supu hiyo hata umchemshe mpaka jioni.

Nami nikiri kosa langu. Mwaka mmoja nilimjaza bata mzinga usiku wa mkesha ili asubuhi nisihangaike, nikamweka katika jokofu, umeme ukakatika tukiwa kanisani. Asubuhi nilimpika vilevile kwa sababu aliniuma mfukoni. Sitaeleza ilivyokuwa jioni ya siku hiyo, isipokuwa choo tulichokuwa nacho kilikuwa kimoja. Vijidudu huzaana upesi kati ya nyuzi 5 na 60, na mchanganyiko wenye mayai na supu ni kama shamba lililotiwa mbolea. Kausha mkate mapema, kaanga vitunguu mapema, lakini vikutane muda ule ule wa kupika.

Kijana_wa_Busia
10 Desemba, saa 1:05 asubuhi

Shikamoo afande, na shikamoo mama. Naomba kuuliza mambo mawili. Je, chapati zilizobaki haziwezi kutumika badala ya mkate, kwa kuwa hizo hazina sukari? Na je, si kuna kijazo cha pakiti ambacho unamwagia maji moto tu?

MamaTendo
10 Desemba, saa 3:30 asubuhi

Marahaba, mwanangu. Chapati nimejaribu, na ndiyo mojawapo ya zile mara mbili za uji. Chapati haina matundu. Ina tabaka zilizopakwa mafuta, na mafuta hayo huizuia supu isiingie, kwa hiyo nje inateleza na ndani inabaki unga. Mandazi ni mabaya zaidi. Kinachotakiwa ni mkate uliochachuka kwa hamira ukawa na vyumba vingi ndani, kama sponji.

Cha pakiti kipo, na historia yake inafundisha kuliko ladha yake. Kampuni ya General Foods ilikiingiza sokoni mwaka 1972, na mtaalamu wa mapishi aliyekuwa kiini cha kazi hiyo aliitwa Ruth Siems. Ugumu aliouvumbulia njia ulikuwa ukubwa wa chembe za mkate: zikiwa ndogo mno maji moto huzigeuza tope, zikiwa kubwa mno moyo wake hubaki mkavu. Ndicho alichokuwa akikisimamia bibi yangu mezani bila kusoma hataza yoyote. Hapa nimekiona katika duka kubwa moja, kwa bei ambayo ingenunua jogoo.

Binti_Bombo
10 Desemba, saa 8:20 mchana

Asalaam aleikum wote. Sisi hatuna Krismasi, lakini mama yangu hupika kitu cha namna hii siku ya Idi, kwa sababu aliwahi kupika katika nyumba ya Waingereza hapa Kampala, na hao huweka kijazo cha vitunguu na seji kwenye ndege wa Krismasi. Mapishi mengi ya Marekani yanataka soseji ya nguruwe. Mama aliiondoa, akaweka nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyokaangwa na bizari nyembamba na iliki punje mbili, na kwa kweli sidhani kuna mtu aliyewahi kuikumbuka soseji.

Anayetaka ladha ya kuku zaidi na atie maini yaliyokatwakatwa. Kuhusu firigisi, dada, nakuonya tu kwamba katika nyumba nyingi za hapa firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na ukiikata vipande ukaificha ndani ya mkate, kesi yake hatutaisikiliza kwenye uzi huu.

Sasa kuhusu moto. Kwa nini tunahangaika na sinia na oveni wakati luwombo iko? Babua jani la mgomba motoni mpaka lilegee, punguza uti wake kwa kisu, weka kijazo katikati, funga kwa kamba ya mgomba, kisha pika kwa mvuke juu ya vijiti vya jani vilivyopangwa chini ya sufuria ili maji yasiguse. Jani haliruhusu chakula kikauke, na harufu yake haigombani na siagi.

Afande_Mstaafu
10 Desemba, saa 12:50 jioni

Binti, hilo la jani nalipokea kwa mikono miwili, ila nina pingamizi moja. Uzuri wa kijazo ni ganda lake la juu, lile la kahawia linalokwaruza ulimi kabla hujafika kwenye ulaini. Mvuke hauwezi kulitoa. Ushauri wangu ni kupika kwa hatua mbili: mvuke kwanza mpaka mayai yashike, kisha kukunjua jani na kupalia, yaani sufuria nzito juu ya makaa machache, kifuniko bapa, na makaa mengi juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe wa kupasha tu. Moto wa juu ndio ufanye kazi. Hivyo ndivyo keki nyingi za nchi hii zilivyookwa kabla watu hawajaona oveni.

Mkiga_wa_Juu (Kabale)
11 Desemba, saa 3:00 usiku

Nyongeza kwa walio milimani. Kabale tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wakati Kampala, yenye mita 1,200 hivi, huchemka karibu na 96. Mvuke wetu basi una joto pungufu. Bado ni mwingi kwa kufikisha nyuzi 74 alizozitaja afande, lakini unachelewa, kwa hiyo kama Ntinda mtatumia dakika 45, sisi tuhesabu saa nzima. Furushi lisizidi unene wa sentimita tano. Jua la kukaushia mkate nalo kwetu halina ahadi. Mimi hukaushia juu ya kifuniko cha sufuria ya maharage yanayochemka, kwa kugeuza kila mara.

Lajok_Gulu
12 Desemba, saa 5:10 asubuhi

Nimesoma yote na sijaona mtu akitaja mbegu. Huko Marekani wengi hutia chestinati au karanga za kwao. Sisi kaskazini tuna simsim, yaani ufuta. Ikaange kavu mpaka iruke, vijiko vitatu kwa mkate mmoja, uinyunyize mwishoni. Karanga zilizokaangwa na kupondwa kwa ukali nazo zinafaa, mradi zisisagwe zikawa siagi ya karanga, maana hapo utakuwa umepika mchuzi.

Senene_Masaka
12 Desemba, saa 6:45 mchana

Na sisi wa Masaka tutie nini? Ndoo yangu ya senene bado haijaisha.

MamaTendo
12 Desemba, saa 2:00 usiku

Ndugu wa Masaka, najua unatania, lakini nimelifikiria. Senene waliokaangwa wakakauka ni chumvi na mafuta na mlio, na hivyo vitatu ndivyo ambavyo watu hutafuta wanaponyunyizia juu ya kijazo vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Sharti lake ni wasiingie ndani ya mchanganyiko, kwa sababu watalowa na hakuna kitu kinachosikitisha kama senene aliyelowa. Nyunyiza ukishaepua.

MamaTendo
15 Desemba, saa 3:25 usiku

Leo nimefanya jaribio kamili, nami nalieleza kama lilivyokuwa.

Mkate mmoja wa nusu kilo ulikauka kwa jua la siku moja na kikaango cha dakika 20, nikaupima kwa mizani ya jirani anayeuza samaki: gramu 360. Supu ilikuwa ya jogoo aliyechemka saa mbili kasoro, nikaipunguza kutoka lita moja na nusu hadi chini kidogo ya nusu lita. Hapa nilikosea, kwa sababu chumvi niliyotia mwanzoni nayo ilikazana. Anayepunguza supu asitie chumvi mpaka mwisho. Mililita 430 zilitosha.

Nilifunga mafurushi matatu. Moja lilichanika kwa sababu sikulibabua jani vya kutosha, maji yakaingia, tukampa mbwa. Mengine mawili yalikaa kwenye mvuke dakika 50, nikayakunjua: ndani yalikuwa yameshika kama keki laini, yenye moto mkali mpaka katikati, lakini juu yalikuwa na rangi ya mgonjwa. Nikapaka siagi iliyoyeyushwa, nikapalia. Mara ya kwanza niliacha makaa mengi chini, nikaunguza upande usioonekana. Mara ya pili nilibakiza chini makaa matano, juu nikapanga kama 20, na baada ya robo saa lile ganda likatokea. Jani lililokuwa chini lilikauka likawa jeusi kingoni, na moshi wake mwembamba uliingia katika mkate kwa namna ambayo Waltham haikuwahi kunipa. Mume wangu, ambaye huwa hasemi neno juu ya chakula, aliuliza kama kuna kingine.

Kwa hiyo nimeamua: mvuke ndani ya jani, kisha kupalia, na kuku atakaangwa kando. Simsim itaingia. Bizari ya Binti_Bombo nitaiweka kwenye furushi moja la watu wazima, kwa kuwa watoto wanataka ladha wanayoijua.

Kijana_wa_Busia
15 Desemba, saa 4:02 usiku

Mama, unaweza kufunga mafurushi hayo mkesha, asubuhi ukayaweka motoni tu?

Afande_Mstaafu
15 Desemba, saa 4:10 usiku

Kijana, rudi ukasome habari ya choo kimoja.

MamaTendo
26 Desemba, saa 4:50 asubuhi

Heri ya sikukuu, ndugu zangu, na kwa wasioisherehekea, heri ya mapumziko. Niliahidi kuleta habari.

Watu walikuwa 19. Nilipika mikate mitatu ya nusu kilo, mafurushi tisa, sufuria mbili za mvuke. Umeme ulikatika saa tatu asubuhi kama ulivyozoea, na kwa mara ya kwanza sikujali. Kupalia mafurushi tisa kwa zamu kulichukua karibu saa nzima, kwa hiyo ya kwanza yalipoa nikisubiri ya mwisho. Mwenye watu wengi na atafute sufuria ya pili yenye kifuniko bapa, au amwombe jirani. Mkate wa mwokaji wa mtaani, usio na sukari, ulishinda wa dukani waziwazi, na nilijuta kuagiza mmoja tu.

Watoto wa mdogo wangu walikagua kwanza. Yule mkubwa aliuliza kwa nini kina jani. Yule mdogo alikula ganda la juu peke yake kutoka mafurushi mawili, akaacha yaliyobaki kama shimo la mgodi. Baba mkwe wangu alikionja, akasema ni mkate uliopikwa mara mbili na mtu mwenye nafasi, kisha akaongeza. Firigisi alipewa yake mapema, nzima, kwenye sahani yake.

Kilichobaki niliwahi kukiweka katika jokofu la jirani mwenye jenereta kabla ya saa mbili kupita. Asubuhi hii nimekikaanga katika kikaango pamoja na mayai mawili na nyanya, nikakikunja ndani ya chapati, nikamkabidhi kila mtoto rolex yake mlangoni. Yule aliyeuliza habari za jani amerudi mara mbili.

Senene_Masaka
26 Desemba, saa 5:15 asubuhi

Na senene?

MamaTendo
26 Desemba, saa 5:18 asubuhi

Walikuwepo. Waliisha kabla kijazo hakijaepuliwa.